Ulaya na mipango ya 2050: dhana zinazorudiwa na hali halisi

Ninapojadili sera za maendeleo endelevu na maofisa mipango au viongozi wa vyama vya ushirika, hoja moja haikosekani: kwamba Ulaya huweza kupanga hadi mwaka 2050 kwa sababu serikali zake hazitikisiki, ilhali kwetu kila uchaguzi huja na mpango wake. Nimeisikia kiasi cha kuchoka, na anayeisema huwa hajafuatilia siasa za Uholanzi.

Serikali za mseto za nchi hiyo zilivunjika mwaka 2021, 2023 na 2025. Hata hivyo, kazi ya kuikinga nchi dhidi ya mafuriko haikusimama. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilibomoa matuta ya kuzuia maji na kuua watu 1,836 nchini humo, na tangu hapo suala la maji halikuachwa litegemee hiari ya waziri aliyepo. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012 iliweka Kamishna wa Delta, ofisa anayesimamia kazi ya kuikinga nchi dhidi ya maji, na mfuko maalumu wa fedha, na ikaagiza kwamba kila Septemba, siku bajeti ya taifa inapowasilishwa, programu ya Delta, yaani mpango wa kazi hiyo, nayo ifikishwe bungeni. Matuta yanatakiwa yawe yamefikia viwango vipya vya usalama ifikapo 2050, lakini mikakati yenyewe hupitiwa upya kila baada ya miaka sita, kwa kuwa makadirio ya kupanda kwa bahari hubadilika. Waziri mpya anaweza kubishana na kamishna huyo. Kuifuta ofisi yake kunahitaji kubadili sheria hadharani. Ndiyo maana kila anayeniletea rasimu ya dira mimi humwambia anionyeshe kwanza fungu la bajeti na jina la ofisi itakayohojiwa mwakani. Picha za jalada nitazitazama baadaye.

Pacha wa dhana hiyo ni imani kwamba lengo la 2050 ni kazi ya 2050. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba sheria ya tabianchi ya 2019 ilikuwa na kasoro, kwa kuwa haikueleza vya kutosha namna ya kupunguza gesijoto (gesi zinazoongeza joto duniani) baada ya 2030, na hivyo ilikuwa ikiwasukumia vijana mzigo ambao ungebana uhuru wao. Mwaka huohuo bunge lilirekebisha sheria: punguzo la 2030 likapanda hadi asilimia 65 ya kiwango cha 1990, na mwaka wa kufikia uwiano wa gesijoto, yaani zinazotolewa zisizidi zinazoondolewa hewani, ukarudishwa kutoka 2050 hadi 2045.

Wapo pia wanaodhani kwamba taasisi ikishaundwa haifi. Hungaria ilikuwa na mtetezi wa vizazi vijavyo tangu 2008; kufikia 2012 ofisi yake ilikuwa imemezwa na nyingine, naye akabaki naibu mwenye mamlaka pungufu.

Kwamba maendeleo endelevu ni upandaji miti tu, sheria ya Wales ya 2015 kuhusu ustawi wa vizazi vijavyo inatosha kujibu, maana malengo yake saba yanagusa afya, usawa na hata uhai wa lugha ya Kiwelisi. Kwamba uchumi lazima udumae ili gesijoto zipungue, Uswidi ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991, na tangu wakati huo uchumi wake umekua huku gesijoto zikipungua.

Inayobaki ni ile ya "hayo ni mambo yao". Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu inamtaka mwagizaji wa kahawa aonyeshe mahali lilipo shamba ilikovunwa, na kwamba msitu haukufyekwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na baadhi ya vyama vya ushirika vimechukua ahirisho hilo kama ruhusa ya kulala. Tarehe ya 2020 haijasogezwa, na chama ambacho hakijachukua alama za kijiografia (vipimo vya mahali yalipo) za mashamba ya wanachama wake hakina cha kumpa mnunuzi atakapoziulizia.