Tangi la Maji ya Chumvi: Usitie Samaki Kabla Kipimo Hakijakubali

Malalamiko yanayotufikia hapa Kisumu yanafanana. Mwenye hoteli, au mwenye nyumba Milimani au Riat, amenunua tangi kubwa la kioo, akatia maji, chumvi na mawe, akaona yametakata, akaagiza samaki kutoka Pwani. Siku chache baadaye wamekufa wote, na lawama anabebeshwa muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Samaki wameuawa na amonia, nayo haionekani kwa macho.

Samaki hutoa amonia kwa matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, na kuwapata huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Muda wote huo weka mawe, endesha pampu, na walishe bakteria kwa amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, miligramu 2 kwa lita. Wanaoshauri utie samaki mmoja "wa kujaribia" tunawaomba waache. Huko ni kumtesa kiumbe kwa jambo ambalo kipimo cha matone, yaani dawa inayobadilisha rangi ya maji kidogo uliyoyachota, kinalijibu.

Kipimo kisomwe mchana, mbele ya karatasi nyeupe. Kwa vipimo vingi vinavyouzwa, amonia iwe njano kabisa: kijani, hata kiwe hafifu namna gani, maana yake bado. Naitraiti iwe buluu, isiwe zambarau. Tia tena kiasi kile kile cha amonia. Vyote viwili vikirudi sufuri ndani ya saa 24, tangi limekomaa. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza naitreti, ndipo uanze kufikiria samaki.

Maji ya mfereji mjini Kisumu hutiwa klorini, ambayo huua bakteria hao hao unaowangoja. Yapitishe kwanza kwenye kichujio cha osmosisi, chenye kaboni ya kuondoa klorini na utando mwembamba unaozuia uchafu. Kila lita inahitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu ya matangi ya bahari, yaani kilo 21 kwa tangi la lita 600. Chumvi ya jikoni haifai, na magadi hayafai! Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, na hayataipata humo. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Mchana wa Kisumu huvuka hapo kwa urahisi, kwa hiyo weka feni juu ya maji, na yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Pampu ya hewa ya betri iwepo kwa ajili ya stima ikipotea.

Anza na konokono wa baharini, kisha samaki mmoja au wawili wadogo, ungoje wiki mbili huku ukipima. Kila samaki mgeni atengwe kwanza wiki 4 au zaidi, maana ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi la matumbawe, dawa ya shaba inayoutibu huua matumbawe na konokono. Samaki aitwaye kangaja, ambaye ni mkubwa na mgomvi, aje mwisho.

Kuhusu sheria, tafadhali someni kwa makini. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini walio hatarini: kuyaingiza nchini au kuyatoa bila kibali ni kosa. Katika hifadhi za taifa za baharini kama Malindi, Watamu na Kisite, huruhusiwi kuchukua samaki, tumbawe wala kombe tupu. Kusema "niliuziwa tu" si kibali. Mali inaweza kutaifishwa na mwenye kupatikana nayo akashtakiwa. Kabla ya kulipa, dai nakala ya leseni ya muuzaji na stakabadhi inayotaja aina ya kila kiumbe, mahali kilipotoka na tarehe, kisha zihifadhi muda wote utakaokuwa na tangi. Aliyeingiza kutoka nje ya nchi aweke pia nakala ya kibali cha CITES, jina na aina ya tumbawe vikiwa vimeandikwa sawasawa na kwenye stakabadhi.