Si kila mtoto wa makao ni yatima

Malindi, kama kwingineko pwani, wengi huamini kuwa mtoto anayelelewa kwenye makao ya watoto hana mzazi aliye hai. Ni rahisi kuelewa: mara nyingi michango huombwa kwa jina la mayatima.

Lakini inajulikana kuwa wengi wao wana mzazi au jamaa. Umaskini, karo, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani ndio huwafikisha huko. Hata nyumba za mtindo wa familia, zenye mama mlezi na watoto wachache wa umri tofauti, ndugu wasitenganishwe, ni za pale nyanya, shangazi, kafala (malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu) au malezi ya kambo (mtoto kulelewa kwa muda na familia nyingine) yamekosekana.

Kabla ya kuchanga, uliza: cheti cha usajili cha makao kingali hai? Watoto waliingia kwa amri ya mahakama? Kila mmoja ana mpango wa malezi unaopitiwa upya? Nani anawatafutia jamaa zao? Majalada yao ni siri, usiyadai. Thibitisha kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Jihadhari na msaada unaohesabiwa kwa kichwa: humpa msimamizi sababu ya kutomrudisha mtoto kwao. Na mgeni akiruhusiwa kumtoa mtoto matembezini peke yake, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.