Pande kulingana hakukifanyi chumba kuwa skwea

Huku Nyanda za Juu Kusini, nyumba nyingi huanza kwa vigingi vinne na uzi. Ndipo inapoingia dhana ambayo, kwa maoni yangu, ina hasara kuliko nyingine zote: kwamba pande zinazotazamana zikilingana, basi chumba kimekaa skwea, yaani kila kona ni nyuzi 90.

Si kweli. Pande zinazotazamana zikilingana, ulichopata ni msambamba tu, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake zinazotazamana ni sambamba. Mstatili ni msambamba wenye pembe zote za nyuzi 90, na urefu wa pande hauwezi kukuhakikishia nyuzi hizo. Piga uzi wa chumba cha mita 4 kwa 3, kisha pembe moja iwe nyuzi 88 badala ya 90. Pande zote zinabaki na vipimo vyake, lakini upande wa mita 3 umeegama kwa zaidi ya sentimita 10. Kwenye msingi huoni kitu, hasa kiwanja kikiwa cha mteremko kama vilivyo vingi Mbeya. Utaona siku fundi wa vigae akifika, kila kigae cha sakafu kinachogusa ukuta kikatwe kwa kipimo chake. Inaniuma kuona familia iliyojinyima miaka ikilipia kosa ambalo tepu ingeligundua mapema kabisa.

Pima kona kwa kona. Chumba hicho kikiwa sawa, mishazari yote miwili, yaani mistari ya kona kwa kona, ni mita 5 kamili. Kwenye nyuzi 88, mmoja unasoma mita 4.92 na mwingine 5.08.

Wengine huruka upande wa pili: mishazari ikilingana, inatosha. Haitoshi. Trapeza, yaani umbo la pande nne lenye pande mbili tu zilizo sambamba, ikiwa pande zake mbili zilizoegama zinalingana, nayo ina mishazari sawa, na haina pembe ya nyuzi 90 hata moja. Pande kwanza, kona kwa kona baadaye.

Wanafunzi nao hushika kwamba pembe zinazotazamana za msambamba hujumlika kuwa nyuzi 180. Zinazotazamana zinalingana, zinazopakana ndizo zinazofanya 180, kwa sababu pande zake ni sambamba. Ukijua moja ni 70, umeshazijua zote: 110, 70, 110. Kanuni ya zinazotazamana kufanya 180 ni ya pembenne (umbo la pande nne) ambayo kona zake zote nne zinagusa duara moja. Msambamba huifuata pale tu unapokuwa mstatili.

Je, mshazari hugawa pembe katikati? Kwa msambamba, ni pale tu pande zote nne zinapolingana. Katika chumba chetu cha 4 kwa 3, nyuzi 90 za kona zinagawanyika takriban 37 na 53.

Na shamba kubwa la pande nne halina jumla kubwa ya pembe kuliko dogo. Pembenne yoyote, hata yenye kona iliyoingia ndani, hukatika kuwa pembetatu mbili za nyuzi 180, jumla 360.

Jambo la mwisho linawahusu maseremala, na Mafinga mbao zipo tele: misumari ya kona peke yake hailindi fremu ya mlango. Ikisukumwa inageuka msambamba bila ubao wowote kurefuka. Pembetatu haiwezi kubadili pembe bila upande kubadilika, ndiyo maana ubao wa mshazari unaishika fremu. Ila pima kona kwa kona kabla ya kuupigilia, maana utashika pembe zozote utakazozikuta.