Ukaguzi wa nyumba uanzie upande wa mlima

Mwenye nyumba anayeuza hupenda kunipeleka sebuleni kwanza, kwenye rangi mpya na dari la jipsamu. Namwambia, "Mzee, tutafika huko," kisha nazunguka nyuma. Sijawahi kuona sababu ya kubadili mpangilio huu: upande wa juu wa kiwanja, paa, kuta za nje, msingi, vyumba, halafu maji na umeme.

Hapa Mbeya adui mkubwa wa nyumba ni maji. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na viwanja vingi vimechongwa kwenye miteremko. Kwa hiyo nasimama upande wa mlima na kujiuliza maji yanapita wapi. Kama hakuna mtaro, au udongo umeporomoka ukapanda kuliko usawa wa sakafu, ukuta huo naukumbuka. Matofali ya kuchoma hunywa maji. Nikiingia ndani naenda moja kwa moja kwenye ukuta uleule, naomba kabati lisogezwe, naubonyeza kwa kiganja. Plasta iliyovimba au chumvi nyeupe chini ya rangi mpya inajieleza. Ningeanza sebuleni, rangi ingenishawishi.

Darini napanda mchana na kuzima tochi. Kila tundu la msumari kwenye bati linaonekana kama nyota. Nikiwasha tena natafuta michirizi ya maji na njia za mchwa kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Nyufa zinataka subira, maana tuko ndani ya Bonde la Ufa na ardhi yetu hutetemeka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta haunisumbui sana. Unaotoka kona ya dirisha ukishuka kama ngazi kati ya matofali, mpana zaidi juu kuliko chini, naupima, naweka alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Msingi ukiendelea kuzama, ufa utazipita alama hizo.

Maji ni rahisi: funga bomba zote, tazama mita. Ikizunguka, kuna mahali maji yanavuja. Kwenye umeme nahakikisha waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, upo na umeungwa.

Fomu yangu ina mpangilio huohuo, na hakuna kisanduku kinachobaki kitupu. Chumba kikifungwa au ngazi ikikosekana, naandika ukurasa wa kwanza: "Dari halijakaguliwa." Mnunuzi ataamua kama anarudi na ngazi kabla ya kulipa.