Bundi wa Itombwe na watu wanaowachunguza

Watu wana dhana potofu kadhaa juu ya kazi ya kukusanya na kutambua wanyama; hizi ni baadhi yake, na majibu yangu.

Dhana: Anayekaa na mizoga ya bundi ana uchawi.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, bundi akilia juu ya paa, watu husubiri habari ya msiba. Kwa hiyo mtafiti anayemchuna bundi, akampima bawa na kumfungia kikaratasi mguuni, wengi humwogopa. Lakini kikaratasi hicho ndicho kazi yenyewe: kinasema ndege alipatikana wapi, lini, na nani alimkusanya. Ndege asiye na habari hizo hana faida kubwa kwa mtafiti.

Mwaka 1951 bundi mmoja alipatikana Muusi, katika milima ya Itombwe, humuhumu Kivu ya Kusini. Ngozi yake ilipelekwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na mwaka 1952 Henri Schouteden akatangaza kwamba ni spishi mpya, yaani aina ambayo sayansi haikuwa imeitambua: Phodilus prigoginei. Jina hilo linamkumbuka Alexandre Prigogine, mtu wa madini wa Kamituga aliyewapenda ndege wa milima hiyo na kuwakusanya. Tangu yule wa kwanza apatikane, ikapita miaka 45 kabla ya jike mmoja wa spishi hiyo kunaswa kwenye wavu, mwaka 1996, Itombwe tena. Alipimwa, akapigwa picha, akaachiwa aruke. Mimi naona fahari kwamba ndege huyo ni wa kwetu, na inaniuma kuwa wengi wetu hatujawahi hata kusikia habari zake.

Dhana: Kitu kipya hugunduliwa porini tu, kwenye makabati ya makumbusho hakuna jipya.

Mwaka 1913 James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka New York, aliona huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, unyoya uliopamba kofia ya mtu, asiweze kuujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, akiwa Tervuren, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga walioletwa kutoka nje. Unyoya ule ukapata mwenyewe! Alikuwa tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ambaye sayansi haikuwa imemtambua ingawa alikuwa tayari kabatini. Watu wa Ituri, bila shaka, walimjua zamani.

Dhana: Kukusanya na kutambua wanyama ni kazi ya Wazungu.

Hapana. Panda gari uelekee Kavumu, endelea mpaka Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947. Huko ndiko alikofanya kazi Chifundera Kusamba, Mkongomani aliyebobea katika nyoka na vyura, na aliyeandika pia juu ya watu walioumwa na nyoka nchini.

Dhana: Nyoka ni nyoka, kuwatenganisha majina ni anasa.

Muulize muuguzi wa kijijini. Sumu ya kipiri huvimbisha mguu, huozesha nyama na kuvuruga damu. Sumu ya fira wa msituni hulegeza misuli, kope zikashuka, kisha pumzi ikakatika. Dawa inayozuia sumu ya nyoka mmoja huenda isifae kabisa kwa mwingine.