Maji Kung'aa Si Tangi Kuwa Tayari

"Maji yamekaa siku tatu, yanang'aa kabisa. Niletee samaki." Maneno haya nayasikia kwa wateja wanaotaka samaki wa kufuga kwenye tangi la kioo, wa Mwanga, wa Katubuka, hata wenye hoteli hapa Kigoma, na kila ninapokubali kubembelezwa wanaokufa ni samaki.

Kinachowaua ni amonia, sumu isiyo na rangi. Samaki huitoa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Ziwani hupotea kwenye maji mengi. Katika tangi la lita 200 haina pa kwenda mpaka wawepo bakteria wa kuila. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huzaliana polepole mno, ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita hivi.

Sisi tunaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika ndio hasa tusiotakiwa kuharakisha. Maji ya ziwa letu yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote; kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, inazidi theluthi. Kwa kiasi ambacho samaki wa maji ya pH 7 angekistahimili, Tropheus wako, samaki wa ziwa hili, atakuwa juu ya maji akihema, matamvua mekundu, na kesho yake unamtoa kwa wavu. Hata wafugaji wa samaki wa baharini, ambao maji yao yana pH ya 8.2 hivi, husubiri vivyo hivyo.

Fanya hivi: washa kichujio, tia dagaa mbichi mmoja au wawili kwenye soksi ya nailoni, waache waoze humo. Pima. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyo hiyo. Zote mbili zikisoma sifuri, toa soksi, badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo uje tuzungumze habari za samaki. Kipimo cha matone, kile cha kupimia amonia na nitriti, kinunuliwe kabla ya samaki. Asiye nacho simuuzii.

Wateja hunijibu: "Nimechota maji ziwani, bakteria wamo." Wamo wachache. Wengi hukaa juu ya mawe, mchanga na sponji ya kichujio. Ukitaka kufupisha safari, omba kipande cha sponji kwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, ukisafirishe kikiwa kimelowa.

"Tuanze na samaki wa bei rahisi wajaribu maji." Naye anaungua matamvua kama yule wa bei ghali. Kazi hiyo dagaa aliyekwisha kufa anaiweza.

"Sponji ikichafuka naiosha kwenye bomba." Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria ndani ya kichujio hukosa oksijeni na kuanza kufa. Kuwa na pampu ya hewa ya betri. Umeme ukirudi, punguza chakula na upime amonia siku mbili tatu mfululizo, hata kama samaki wanaonekana wazima.