Kujenga upya shule kongwe: maneno ya vikaoni na ukweli wa saiti

Shule ya sekondari ikishafikisha miaka hamsini au sitini, mradi wa kuijenga upya hutanguliwa na vikao vingi, na katika vikao hivyo kuna kauli zinazorudiwa hadi zinaonekana kanuni. Nyingine hazina madhara. Hizi zifuatazo zinakula bajeti na kuchelewesha kazi, na baadhi zinahatarisha maisha ya watoto.

Dhana: Jengo lenye nyufa limekwisha, livunjwe

Ufa ni dalili tu, na dalili husomwa kwa umbo lake. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa ukutani mara nyingi ni za lipu iliyokauka haraka. Hazigusi ukuta wenyewe. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, ukianzia pembe ya dirisha, unaonyesha kwamba msingi umetitia upande mmoja. Huenda udongo wa mfinyanzi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, au bomba la maji taka linavuja chini kwa chini. Wa kutiliwa maanani zaidi ni ufa ulionyooka chini ya boriti, wenye doa la kahawia. Hapo nondo imeshika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, inalisukuma zege hadi linabanduka.

Mhandisi wa miundo aitwe wakati huo, kabla mtu yeyote hajachora jengo jipya. Kuna kipimo kimoja ambacho kila kamati ya ujenzi ingefaa kukishuhudia kwa macho. Zege lenye afya lina alkali nyingi inayoilinda nondo. Kaboni dioksidi ya hewani huimaliza alkali hiyo polepole, kuanzia usoni kwenda ndani. Fundi anamegua kipande cha nguzo, anapuliza vumbi, kisha ananyunyizia fenolftalini, kemikali inayogeuka rangi ikikuta alkali, kwenye jeraha hilo bichi. Sehemu iliyo salama inageuka waridi iliyokolea papo hapo. Iliyochoka inabaki na kijivu chake. Kama waridi inaanzia milimita 10 kutoka usoni na nondo ziko milimita 30 ndani, ulinzi bado upo. Kama mpaka umeshazipita nondo na unyevu unafika, kuziba mashimo kwa saruji ni kuficha ugonjwa.

Nyundo ya kudunda inayotumika kukadiria nguvu ya zege isiaminiwe peke yake kwenye jengo la zamani. Uso ulionyonya kaboni dioksidi kwa miaka mingi huwa mgumu kuliko ndani, kwa hiyo nyundo husoma juu ya hali halisi. Vikatwe vipande vya mviringo kwa mashine, vikapondwe maabara.

Mara nyingi matokeo huwa mazuri kuliko ilivyohofiwa: msingi, nguzo na slabu vinabaki, na kinachobadilishwa ni paa, madirisha, nyaya, mabomba na sakafu. Lakini lipo pia jengo lisiloonyesha ufa wowote na bado ni hatari. Uingereza, kati ya miaka ya 1950 na 1990, majengo mengi ya umma yaliezekwa kwa vipande vya zege jepesi lililojaa viputo vya hewa, ambavyo vinaweza kukatika ghafla bila onyo la kutosha. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, zaidi ya shule 100 ziliagizwa kufunga majengo au sehemu zenye zege hilo. Kwa hiyo anayepita kukagua nyufa tu hajakagua. Ni lazima ijulikane paa limejengwa kwa nini.

Dhana: Paa la asbesto mafundi wetu watalivua wenyewe, ilimradi waende taratibu

Asbesto iliyo nzima na isiyoguswa haina madhara makubwa. Hatari ni nyuzi zake zikiingia hewani. Paa lililopigwa jua na mvua kwa miongo limeshalika usoni, na kulikanyaga tu kunaweza kulivunja na kumwangusha fundi. Ukaguzi ufanywe kabla ya mkandarasi kuweka bei, nao usiishie paani: asbesto hupatikana pia kwenye dari, mifereji ya paa, mabomba ya zamani, na vigae vya sakafu pamoja na gundi yake.

Kazi yenyewe ni ya watu waliosomea, tena wanafunzi wakiwa hawapo. Vipande vinaloweshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, skrubu zinafunguliwa moja moja, na kila kipande kinashushwa kikiwa kizima. Hakikatwi kwa msumeno, hakitobolewi, hakirushwi chini. Kinafungwa kwa plastiki nzito tabaka mbili, kinawekwa alama, kinapelekwa kwenye dampo lililoruhusiwa. Watu husahau udongo ulio chini ya ukingo wa paa: maji ya mvua yamekuwa yakidondosha nyuzi pale pale kwa miaka yote hiyo. Udongo huo upimwe, na ukionekana umechafuka uondolewe pamoja na mzigo uliobaki.

Dhana: Masomo yataendelea kama kawaida, uzio wa mabati unatosha

Uzio ni muhimu, lakini kinachoamua kama masomo yataendelea ni mpangilio wa awamu. Njia iliyo salama zaidi, eneo likiruhusu, ni kujenga madarasa mapya uwanjani kwanza, kuhamia, kuvunja ya zamani, kisha kurudisha uwanja pale yalipokuwa. Wanafunzi wanahama mara moja tu. Gharama yake ni kukaa bila uwanja kwa mwaka au miwili, na jambo hilo wazazi waelezwe mapema.

Kosa linalojirudia liko ardhini. Shule kongwe imejengwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilivuta umeme na maji kutoka kwa jirani yake. Mara nyingi swichi kuu na bomba kuu viko kwenye jengo la zamani kuliko yote, yaani lile lile lililopangwa kuvunjwa kwanza. Livunje, na maabara upande wa pili inazima. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya tingatinga kuingia, ni kufuatilia kila waya na kila bomba: zima swichi moja, tembea shule nzima, andika kilichozimika, funga valvu moja, fanya vivyo hivyo. Ramani za zamani zinasaidia, ila zisiaminiwe. Kisha kijengwe kituo kipya cha umeme na maji mahali ambapo hapataguswa hadi mwisho wa mradi. Tafuteni pia mashimo ya vyoo vya zamani yaliyofukiwa. Msingi mpya ukikaa juu ya shimo ambalo halikujazwa vizuri, utatitia.

Yaliyobaki ni ratiba na nidhamu. Malori yasiingie wakati wanafunzi wanawasili au kuondoka. Kuvunja na kutoboa zege kusigongane na mitihani. Njia za kutokea wakati wa moto zikifungwa na uzio, nyingine zifunguliwe siku hiyo hiyo, na mahali pa kukusanyikia pahamishwe na patangazwe. Vyoo visivunjwe kabla vipya havijaanza kutumika.

Dhana: Dirisha likiwa kubwa, darasa litakuwa na mwanga na hewa

Upande ambao dirisha linaelekea na urefu wake wa kwenda juu vina uzito kuliko ukubwa. Mwanga wa upande mmoja hufika ndani takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2.7, dawati lililo mita 7 kutoka dirishani liko kwenye giza la nusu. Hewa nayo, yenye matundu upande mmoja, inafika karibu umbali huo huo. Weka matundu pande mbili zinazokabiliana, na chumba kinaweza kuwa na kina cha hadi mara tano ya kimo cha dari. Jengo refu lilazwe mashariki hadi magharibi, ili madirisha yatazame kaskazini na kusini na kuepuka jua la chini la asubuhi na jioni.

Dhana: Rampu moja mlangoni inawatosha watu wenye ulemavu

Mteremko unaokubalika kwa kawaida ni 1 kwa 12. Ngazi zenye jumla ya milimita 600 zinahitaji rampu ya mita 7.2, bila kuhesabu sehemu bapa za juu na chini. Inayobanwa kwenye mita 3 ni mtego. Na anayeingia lazima afike chooni: nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu ni duara la milimita 1,500, na mlango ufunguke kwa nje.

Dhana: Ukumbi na maktaba vikishajengwa, jamii itavitumia yenyewe

Hapa ndipo miradi mingi mizuri inapofifia, na sababu yake huwa ndogo mno. Ukumbi umewekwa katikati ya shule, na choo cha karibu kiko kwenye korido ya madarasa. Ili wananchi waingie jioni inabidi shule nzima ifunguliwe, mlinzi akeshe, na taa za jengo zima ziwake. Baada ya miezi michache uongozi unachoka na ukumbi unafungwa.

Dawa yake hupatikana kwenye ramani. Ukumbi, maktaba na viwanja vikae kando ya barabara, vyenye geti lao, vyoo vyao, mita zao za umeme na maji, na mlango imara unaotenganisha na madarasa. Saa za masomo mlango huo huwapa wanafunzi njia, jioni unafungwa. Stoo ni sharti: viti 300 visipokuwa na mahali, vitarundikwa kwenye njia ya dharura.

Vipimo navyo havibahatishwi. Uwanja wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na ukiongeza mita 2 kila upande unapata 32 kwa 19, paa likiwa angalau mita 7 juu bila boriti wala taa katikati. Ukumbi wenye kimo cha mita 5 hautachezewa kikapu, hata uchorwe mistari mizuri namna gani.

Makubaliano yaandikwe kabla ya ufunguzi: nani analipa umeme, nani anasafisha, nani anatengeneza kilichovunjika, na saa zipi ni za wanafunzi peke yao.

Dhana: Siku ya makabidhiano mradi umeisha

Mkataba mzuri hubakiza sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Muda huo uangukie walau msimu mmoja wa mvua. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita za mraba 600 ni lita 12,000, na mitaro iliyochimbwa kwa ajili ya shule ndogo haiwezi kuzimeza. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mtu apande darini na tochi wakati bado inanyesha, mwingine asimame mwisho wa mtaro kwenye mpaka wa jirani, na wote wawili wapige picha.